Jiwe la Ivuna na vumbi lililozaa dunia

Tarehe 16 Desemba 1938, jioni, jiwe lilianguka toka mbinguni kwenye Ivuna, karibu na ziwa Rukwa, katika inchi iliyoitwa Tanganyika wakati ule. Toka Lubumbashi mpaka pale ni kilometa 650 hivi kwa mstari ulionyoka. Lilikuwa jiwe dogo, jeusi, lenye kuvunjika upesi: uzito wake wote haukupita gramu 705 hivi. Mtu akiliona njiani angedhani ni kipande cha makaa. Lakini leo, mahali popote duniani ambapo watu wa elimu ya nyota wanasoma asili ya Jua na ya dunia, jina la Ivuna linatajwa. Katika makala haya tutaeleza sababu yake, maana mambo haya ni ya jirani zetu, tena yanatugusa sisi wenyewe.

1. Wazo la wingu

Mwaka wa 1755 Immanuel Kant, mwenye hekima wa Ujeremani, aliandika kwamba Jua na sayari zake zilitoka katika wingu moja kubwa la gazi na vumbi. Mwaka wa 1796 Pierre-Simon Laplace, mwenye hesabu wa Ufaransa, alitoa wazo lenye kufanana na hilo. Tulieleze kwa ufupi. Wingu linajivuta lenyewe kuelekea katikati kwa uzito wake. Kadiri linavyopungua ukubwa, linazunguka kwa kasi zaidi, sawasawa na mchezaji anayezunguka akikunja mikono kifuani. Mzunguko huo unazuia vitu visianguke katikati toka pembeni, lakini hauzuii visianguke toka juu na toka chini. Basi wingu linalala, linakuwa kama sahani. Katikati ya sahani inawaka nyota, na katika sahani yenyewe zinazaliwa sayari.

Wazo hilo lilipendwa, kisha likapata taabu. Jua linabeba zaidi ya sehemu 99 katika 100 za uzito wa jamaa yake yote, lakini linazunguka polepole, mara moja kwa siku 25 hivi. Kama lingetoka katika wingu la namna hiyo, wapinzani walisema, lingepaswa kuzunguka upesi sana. Kwa sababu hiyo, mwanzo wa karne ya 20, Chamberlin na Moulton kule Marekani, kisha Jeans kule Uingereza, waliacha wingu. Walisema nyota nyingine ilipita karibu na Jua na kunyofoa sehemu yake, na sayari zikatoka katika vipande hivyo. Wazo hilo nalo likaanguka, maana gazi yenye moto wa namna ile ingetawanyika pasipo kukusanyika. Siku hizi inajulikana kwamba nguvu za sumaku na pepo zitokazo kwa nyota changa zinaweza kuupunguza mwendo wake. Hivyo wingu la Kant na Laplace lilirudi, ingawa si kwa namna waliyolieleza wao.

Mwaka wa 1969 Viktor Safronov, wa Moscow, alitoa kitabu kilichoonyesha kwa hesabu jinsi vumbi linavyoweza kushikamana, likawa mawe, na mawe yakawa sayari. Lakini yote yalikuwa hesabu tu. Hakuna mtu aliyekuwa ameiona sahani.

2. Sahani yaonekana

Mwaka wa 1983 chombo kilichoitwa IRAS kilirushwa angani kupima joto lisiloonekana kwa macho. Kilikuta joto la ziada kando ya nyota kadhaa, kama Vega: ni vumbi lililopashwa moto na nyota. Mwaka wa 1984 Bradford Smith na Richard Terrile walipiga picha ya nyota Beta Pictoris, na pande mbili za nyota hiyo vumbi lilionekana limelala kama sahani itazamwayo kwa ubavu. Katika miaka ya 1990 darubini Hubble ilionyesha sahani nyingi katika wingu la Orion. Wingu hilo tunalijua sisi watu wa Katanga: katika usiku wa Januari, mvua ikipumzika, linapita karibu na utosi wetu, katika nyota za upanga wa Orion.

Kisha, mwaka wa 2014, ikaja picha iliyoshangaza wote. Kule Chile, juu ya nyanda zenye kimo cha meta 5000, kuna antena 66 zifanyazo kazi kama jicho moja. Jina lake ALMA. Zilielekezwa kwa nyota changa sana iitwayo HL Tauri, ambayo nuru yake inasafiri miaka 450 hivi kabla ya kutufikia. Picha ikaonyesha sahani yenye pete za kung'aa na pete za giza, moja ndani ya nyingine. Mwaka wa 2018 watu wakaona, kando ya nyota PDS 70, sayari yenyewe ikikua ndani ya sahani yake.

ALMA inapima vitu viwili. Vumbi inalijua kwa joto lake. Gazi inaijua kwa mawimbi ya redio yatokayo kwa hewa ya kaboni, ile yenye sumu itokayo katika makaa yasiyowaka vizuri. Sehemu kubwa ya gazi ni hidrojeni, lakini katika baridi ile hidrojeni haitoi sauti, kwa hiyo hewa ya kaboni inaisemea. Kwa kawaida inahesabiwa ya kuwa, mwanzoni, katika uzito wa sahani sehemu 99 ni gazi, na sehemu 1 tu ni vumbi. Na bado sehemu hiyo moja ndiyo iliyozaa dunia tunayokanyaga.

Tena kuna shida hapa. Gazi inazunguka polepole kidogo kuliko mawe. Inayapinga kama upepo wa mbele unavyompinga mwenye baisikeli, na mawe yanapoteza mwendo na kuanguka kwenye nyota. Yakikusanyika mahali ambapo gazi imesongamana, yanaokoka na kukua. Wengi wanafikiri pete zile za kung'aa ni mahali pa namna hiyo. Na kazi haingoji, kwa maana baada ya miaka milioni chache gazi inatoweka.

3. Jiwe linasema nini?

Sahani ya Jua letu imekwisha zamani. Umri wake tunaupata kwa urani, kitu ambacho Katanga inakijua kwa jina la Shinkolobwe. Urani inageuka risasi polepole sana, na mwenye kupima vyote viwili anasoma miaka. Chembe za kale kuliko zote, zilizokutwa ndani ya vimondo kama kile cha Allende kilichoanguka Mexico mwaka wa 1969, zina miaka miliari 4 na milioni 567.

Lakini vumbi lenyewe lilikuwa na nini ndani yake? Tukichimba dunia hatupati jibu. Dunia iliyeyuka, na chuma chake kikazama katikati. Fikirini tanuru la Lubumbashi, lililoanza kuyeyusha shaba mwaka wa 1911, na kilima cheusi cha mabaki yake. Mtu akichukua kipande cha kilima kile hawezi kujua jiwe la mgodi lilikuwa na nini: shaba imekwenda upande mmoja, moshi umekwenda hewani. Ni lazima apate jiwe lisilopita motoni.

Jiwe la Ivuna ni la namna hiyo. Halikuyeyuka kamwe. Vitu vilivyomo vinalingana na vile vya Jua, kwa vipimo vilevile karibu vyote, isipokuwa hidrojeni, heli na vingine vyenye kuruka kama gazi. Sehemu kubwa ya uzito wake, karibu moja katika tano, ni maji yaliyofungwa ndani ya udongo wake. Ni kusema, ukiondoa gazi katika sahani ya Jua, kinachobaki ni kama Ivuna. Kwa hiyo vimondo vya aina hii vinaitwa CI, na herufi ya I ni Ivuna.

4. Mvua

Vimondo vya CI vilivyoonekana vikianguka ni 5 tu: Alais mwaka wa 1806 na Orgueil mwaka wa 1864 kule Ufaransa, Tonk mwaka wa 1911 kule India, Ivuna mwaka wa 1938, na Revelstoke mwaka wa 1965 kule Canada. Katika Revelstoke waliokota gramu 1 tu. Si kwamba mawe haya ni haba sana angani. Shida ni maji. Jiwe la CI likilala katika mvua linageuka tope. Sasa ona tarehe: Desemba, majira ya mvua. Kule Ivuna, tangu zamani sana, watu walichemsha maji ya chemchemi wapate chumvi. Jiwe hili nalo lilihitaji kuepushwa na maji. Kama halingeokotwa mapema, lingekwisha.

Mwaka wa 2008 kipande chake kikubwa kilifika katika makumbusho ya elimu ya viumbe ya London, toka mikononi mwa mtu wa Marekani. Na mwezi wa Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta gramu 5 na kidogo za mchanga wa jiwe la angani liitwalo Ryugu. Kuanzia mwaka wa 2022 wapimaji walitangaza ya kuwa Ryugu ni wa aina ya Ivuna. Lakini walikuta pia tofauti: chumvi fulani zilizomo katika vimondo vya CI hazimo katika Ryugu. Zilizaliwa hapa duniani, kwa sababu mawe yanakunywa unyevu wa hewa hata yakiwa ndani ya kabati. Wajapani walitumia miaka 6 ya safari wapate gramu zile; Ivuna ilipata gramu 700 jioni moja.

Wanafunzi wengi wa Katanga wanajua jina la Shinkolobwe; ni vema wajue na Ivuna. Tena jiwe jingine linaweza kuanguka hapa kwetu mwaka wo wote, labda Kasenga, labda Pweto, katika mvua. Basi ninyi walimu, wafundisheni watoto hivi: msilioshe, msiligawanye, msilishike kwa mikono mitupu. Lifungeni katika karatasi safi na kavu, andikeni siku, saa na jina la kijiji, mlipeleke kwa wenye elimu ya mawe katika Universite ya Lubumbashi. Kazi hiyo haitaki darubini wala fedha. Inataka mtu mmoja anayejua kwamba jiwe lile jeusi si kipande cha makaa.