Fundi wa Bodi na Upande wa Barabara Mjini Juba

Katika makala haya twakusudia kuonyesha jinsi sheria moja ya barabara ilivyoiongezea uzito kazi ya fundi wa bodi za magari mjini Juba.

Wakati wa utawala wa Waingereza magari ya Sudani, kama yale ya Uganda na Kenya, yalipita upande wa kushoto. Mwaka 1972 mapatano ya Addis Ababa yaliifanya Juba kuwa makao ya serikali ya jimbo la kusini. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Agosti 1973, Sudani nzima ilihamia upande wa kulia. Majirani wa kusini hawakuhama. Tangu hapo mpaka wa Nimule ukawa pia mpaka wa kushoto na kulia, na Sudani Kusini ilipopata uhuru mwaka 2011 iliendelea na upande wa kulia.

Dereva avukapo Nimule hubadili upande akaendelea na safari. Bodi ya gari haibadiliki hivyo. Basi dogo lililoundwa kwa barabara za Kampala au Nairobi lina mlango wa abiria ubavuni kushoto. Likiwa Juba, mlango huo hufungukia katikati ya barabara, na abiria hushukia penye magari yapitayo.

Kuuhamisha mlango si kukata bati na kuziba tundu tu. Ubavu wa basi la namna hiyo hubeba sehemu ya uzito wake. Ukikatwa bila kuimarishwa nguzo zake, bodi hulegea na kupinda. Basi fundi hupima, hukata, huchomelea fremu mpya, hutia reli ya mlango, hupanga viti upya, kisha hupaka puti, hupiga msasa na rangi. Rangi nzuri huweza kuficha uchomeleaji mbovu, lakini ajali huufichua.

Baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005, mafundi wengi wa Uganda na Kenya walikwenda Juba kutafuta kazi. Lami ya barabara ya Juba hadi Nimule, yapata kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012. Huko Kiswahili chao kilikutana na Kiarabu cha Juba. Msumari, neno lenye asili ya Kiarabu, halimpi taabu mwenyeji. Kulia na kuume humtatiza. Lakini yamini, neno letu la kale lililotoka Kiarabu, hulitambua mara moja. Twawashauri walimu wafundishao wanafunzi wa huko waanze na maneno kama hayo.