Wakazi wa Chini ya Migomba: Kwa Nini Rutuba ya Kasulu Isipimwe kwa Kemia Peke Yake

Katika vilima vya Kasulu, mkoani Kigoma, shamba la migomba lililopakana na nyumba hupata majani makavu, mashina yaliyokatwa na maganda ya jikoni. Shamba la mbali, la mahindi au maharage, mara nyingi husafishwa kwa moto kabla ya mvua. Tofauti ya mavuno tumezoea kuieleza kwa samadi. Maelezo hayo hayatoshi: moto huwanyang'anya wanyama wadogo wa udongoni makazi yao, na makazi hayarudishwi na mfuko wa mbolea.

Fukua matandazo yaliyolowa, kina cha vidole viwili tu. Vidudu vinavyoruka ghafla kama vimefyatuliwa ni kolembola. Wengi hawafiki hata milimita 6. Wana miguu 6, ila wanabiolojia wengi hawawahesabu tena kuwa wadudu halisi, kwa kuwa sehemu za kinywa chao zimefichwa ndani ya kichwa. Chini ya pingili ya nne ya fumbatio kuna mkia wa panda uliokunjwa kuelekea mbele, ukashikwa na kitasa kwenye pingili ya tatu. Kitasa kikiachia, mkia hupiga chini na mwenyewe hurushwa hewani. Wanaoishi kina zaidi ni weupe, hawana macho, na wengi hata mkia huo hawana. Ndani ya kitundu chembamba, uruke uende wapi?

Kolembola hachimbi. Hupanga katika nafasi zilizoachwa na mizizi, minyoo na mchwa, na ngozi yake laini hupoteza maji upesi. Joto la moto wenyewe haliingii mbali udongoni. Hasara kubwa ni matandazo kuteketea na ardhi kuachwa wazi juani. Utitiri wa jamii ya oribatidi, wenye gamba gumu, hustahimili zaidi, lakini huzaa taratibu, hivyo wakipungua hukawia kurudi.

Atakayesema mchwa ndio mafundi wakuu wa ardhi ya miombo hakosei. Hata kuozesha kwenyewe ni kazi ya kuvu na bakteria zaidi. Lakini kolembola na utitiri hula nyuzi za kuvu na kuzisambaza mbegu zake, na majani wanayoyatafuna hutoka yakiwa chembe ambazo bakteria huzimaliza kwa urahisi.

Kuwahesabu si ghali. Ili kuwatoa udongoni, mwaka 1905 Mwitalia Antonio Berlese alitumia faneli iliyopashwa kwa maji ya moto. Mwaka 1918 Msweden Albert Tullgren akaweka balbu badala ya maji hayo. Kata chupa ya maji, igeuze sehemu ya juu iwe faneli, tandika wavu, weka udongo, washa taa juu na weka spiriti chini. Wakikimbia joto na ukavu, watadondoka wenyewe.

Walimu wa biolojia wa Kasulu na Kibondo waanze: sampuli mbili, siku moja, kina kimoja, moja ya migombani na nyingine ya shamba lililochomwa. Idadi iandikwe kando ya safu ya naitrojeni katika jedwali la vipimo vya udongo.