Nyongo, Mkonge na Tezi Zilizolala

Mfugaji wa Kiiraqw au wa Kibarabaig, ambaye ng'ombe kwake ni mali na heshima, huenda asisadiki akiambiwa kwamba dawa iliyowashangaza matabibu kwa kuwainua vitandani wagonjwa wa baridi yabisi ilitokana na nyongo ya mnyama huyo. Lakini kotisoni ambayo tabibu Philip Hench alimdunga mwanamke mmoja huko Rochester, Marekani, mnamo Septemba 1948, naye baada ya siku chache akatembea, ilipatikana kwa nyongo hiyo kupitishwa hatua zaidi ya 30 za kikemia, hata ikawa adimu na ghali mno.

Mwaka 1950 Hench na wanakemia Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa tuzo ya Nobel, na huku nyuma wataalamu walikwisha kuja Afrika kutafuta mbegu za Strophanthus, mmea ambao jamaa yake mmoja Wahadzabe, ambao baadhi yao wanakaa Yaeda Chini wilayani Mbulu, huutumia kwa sumu ya mishale. Mbegu hazikufaa. Kilichofaa kilikuwa kikitupwa: maji ya majani ya mkonge wa Afrika Mashariki, ambamo Waingereza walipata hekojenini ya kutengenezea steroidi, yaani dawa za jamii ya kotisoni, nami naona ni dhulma kwamba mkonge wetu husifiwa kwa kamba na magunia tu.

Neema hiyo haikukosa shari. Tezi mbili zilizo juu ya figo, ambazo tabibu Thomas Addison alieleza maradhi yake mwaka 1855, hutoa homoni ya jinsi hiyo kwa amri ya ubongo. Nayo ikiletwa kutoka nje kwa muda mrefu, amri hukoma, na tezi husinyaa. Mwaka 1952 matabibu wa Marekani waliandika habari za mgonjwa wa baridi yabisi aliyekatishwa kotisoni kabla ya kupasuliwa nyonga, akafariki kwa kuporomoka shinikizo la damu, na tezi zake zikakutwa zimenywea.

Huko huko Mbulu, Hospitali ya Haydom, waliyoianzisha wamisionari wa Kilutheri wa Norway mwaka 1955, ilizaliwa basi baada ya hadhari hiyo kujulikana. Siku hizi prednisoloni, steroidi ya jamii hiyo hiyo, ni kidonge cha bei nafuu, na hapo ndipo hatari ilipo: ajuza wa Katesh ambaye vidole vyake vimelegea baada ya miaka ya kukakamaa, akiiacha ghafla kwa kudhani amepona, aweza kupatwa na udhaifu, kutapika na kuzirai. Aliyeitumia kwa majuma kadhaa hupunguziwa kidogo kidogo, na akipatwa na homa kali au akipasuliwa huongezewa, kwani tezi zilizolala huchukua miezi, pengine mwaka mzima, kuamka.