Parokia ya Mtakatifu Yosefu na Shule ya Forodhani

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililo kando ya Barabara ya Sokoine na kuitazama bandari ya Dar es Salaam, hutajwa zaidi kwa mnara wake na madirisha yake ya vioo vya rangi, ingawa mambo hayo humweleza msomaji enzi ya Wajerumani peke yake. Anayetaka kuijua parokia, yaani jumuiya ya waamini iliyokabidhiwa paroko, hana budi kuichunguza shule iliyokua ubavuni mwa kanisa hilo, kwa kuwa kila mabadiliko ya utawala wa nchi yalipitia humo.

Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, shirika la kimisionari lililoanzishwa Ujerumani mwaka 1884, walifungua kituo chao cha kwanza Pugu mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889, katika vita vya Abushiri, ambamo watu wa pwani walipinga Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, kituo hicho kilishambuliwa, mabruda wawili na sista mmoja wakauawa, na wenzao wakachukuliwa mateka. Waliowafuata walihamia mjini na kujijenga karibu na bandari, mahali penye usalama zaidi, lakini pia jirani mno na dola, hata ikawa vigumu kwa wenyeji kutofautisha padri na afisa wa serikali. Kanisa lilikamilika mwaka 1902, mwaka uleule Cassian Spiss alipofanywa askofu. Miaka mitatu baadaye aliuawa katika Vita vya Maji Maji, akiwa safarini sehemu za Liwale.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani. Mwaka 1921 waliingia Wakapuchini wa Uswisi, tawi la wafuasi wa Mtakatifu Fransisko, pamoja na Masista wa Baldegg, na ni masista hao walioiendesha Shule ya Konventi ya Mtakatifu Yosefu, konventi ikiwa ni nyumba ya watawa wa kike. Chini ya Waingereza elimu iligawanywa kwa rangi, Wazungu, Waasia na Waafrika wakiwa na shule zao mbalimbali, na katika mtaa huu wa ofisi na maduka, ambako familia za Wagoa zilikuwa miongoni mwa Wakatoliki waliojulikana zaidi, mgawanyo huo ulionekana waziwazi. Haifai kuuficha kwa sababu tu masista walifundisha kwa bidii: ibada moja iliwakusanya watu ambao watoto wao hawakuruhusiwa kukaa darasa moja. Mfumo huo ulifutwa rasmi Januari 1962.

Wakati huo parokia ilikuwa tayari makao ya Jimbo Kuu, lililoundwa mwaka 1953 chini ya Askofu Mkuu Edgar Maranta, Mkapuchini, ambaye mwaka 1968 alipokewa na Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kufikia ukardinali katika nyakati za sasa. Haukupita muda mrefu, Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za mashirika ya dini mikononi mwa serikali, ili dini ya mzazi isiwe kikwazo cha mtoto kusoma. Aliyeongoza uamuzi huo, Julius Nyerere, alikuwa Mkatoliki aliyewahi kufundisha katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, na kwa hiyo alijua vema ni kitu gani Kanisa lilikuwa likikabidhi. Shule ya Konventi ikawa Shule ya Sekondari Forodhani.

Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini Hati ya Makubaliano kuhusu huduma za jamii, elimu ikiwemo, na baadaye majengo hayo ya Forodhani yalirudi kwa Jimbo Kuu, na jina la Mtakatifu Yosefu likarejeshwa. Shule ile ya kabla ya 1969 haikurudi, kwani sasa wanafunzi husoma pamoja bila kutenganishwa kwa rangi, na jambo hilo lililetwa na sheria za nchi kabla ya kuwa mafanikio ya parokia yenyewe.