5S

5S (husomwa «S tano») ni mbinu ya kupanga na kutunza mahali pa kazi ili kupunguza upotevu wa muda, vifaa na nguvu. Ilikuzwa katika viwanda vya Japani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Huhesabiwa kuwa msingi wa kaizen, yaani uboreshaji endelevu, na inahusishwa na mfumo wa uzalishaji wa Toyota ulioendelezwa na Taiichi Ohno (1912–1990).

Jina linatokana na maneno matano ya Kijapani: *seiri*, *seiton*, *seiso*, *seiketsu* na *shitsuke*. Nchini Tanzania hatua hizo huitwa sasambua, seti, safisha, sanifisha na shikilia. Kusasambua ni kuondoa visivyohitajika. Kuseti ni kukipa kila kifaa mahali pake penye lebo. Kusafisha hujumuisha ukaguzi, kwa kuwa nyufa na uvujaji wa mitambo huonekana wakati wa usafi. Kusanifisha huweka utaratibu mmoja kwa wote, na kushikilia huufanya kuwa mazoea.

Katika sekta ya afya ya Tanzania, 5S ilianza kutumika mwaka 2007 kwa msaada wa shirika la Japani la JICA, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Humo hutumika kupanga stoo za dawa, mafaili ya wagonjwa na utenganishaji wa taka. Mbinu hiyo hutumika pia maofisini, madukani na majumbani, hasa jikoni na stoo, kwani haihitaji mtaji mkubwa.