Ufa wa Chumba cha Kupanga

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo tuutazame ufa unaomtoa mpangaji chumbani, na tuanzie Buigiri, wilayani Chamwino, kando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro.

Ugogo haujaisahau Mtunya, njaa ya mwaka 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, ukame uliwakuta watu wamekwisha kunyang'anywa akiba. Inakadiriwa kuwa walikufa watu wapatao 30,000, na wengine wengi wakayahama makazi yao.

Miaka tisini baadaye, Januari 2010, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulianza kuzilipa fedha kaya maskini katika wilaya tatu za majaribio: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Kila baada ya miezi miwili kaya ilipata shilingi zenye thamani ya dola 12 hadi 36, kupitia kamati za vijiji. Mwenye shaka angesema fedha hizo zitaishia kilabuni. Watafiti walikuta vingine: watu wamejiunga na mfuko wa afya ya jamii, wamewanunulia watoto viatu, wamefuga mbuzi na kuku.

Sasa tumtazame mpangaji. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuhamia Dodoma, na vyumba vikagombewa. Mara nyingi mwenye nyumba hudai kodi ya miezi 6 au ya mwaka kwa mkupuo. Mama ntilie akiugua wiki tatu, mtaji umekwisha na siku ya kodi imefika. Huyo si mvivu. Kodi ya mwezi mmoja au miwili ingemvusha. Akishatolewa nje, atahitaji kodi mpya ya miezi 6, fedha ya dalali, na pengine shule nyingine ya mtoto.

Tutaulizwa: je, wenye nyumba hawatapandisha kodi? Msaada uwe wa mara moja tu, kwa aliyepatwa na ugonjwa au msiba, na ulipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Naye mara nyingi ni mjane anayekula kwa kodi hiyo hiyo.

Ugumu halisi uko kwingine. Kijijini kaya maskini ilitajwa na majirani waliokua nayo. Mpangaji ni mtu wa kuhamahama. Mwaka huu yuko Chamwino, mwakani Dodoma mjini. Asiyeandikwa katika daftari la mtaa hatajulikana siku ya shida. Basi kazi ya kwanza ya mwenyekiti wa mtaa ni kumwandika mpangaji siku anayoingia, asisubiri kumwona na godoro lake barabarani.

Kamati za vijiji vya Chamwino ziliaminiwa na fedha kidogo, na fedha hizo zikafanya kazi. Mitaa yetu nayo ijaribiwe.