Voi na Shirika la Reli

Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imekwisha kuipita Voi mapema 1898, simba wa Tsavo walipoanza kuwala vibarua. Simba hao wamejitwalia sifa zote, ingawa mji wa Voi ulijengwa na mafundi.

Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Mwaka uliofuata jeshi la Uingereza likaanza kutandika njia mpya kutoka Voi kupitia Maktau, na mwaka 1916 ikaingia upande wa Moshi. Ilikuwa reli ya kubebea askari na mizinga, lakini amani iliporudi iliiacha Voi ikiwa njia panda.

Mwenye reli naye alikuwa akinenepa. Tayari alikuwa na meli katika Ziwa Victoria. Miaka ya 1920 akakabidhiwa bandari ya Mombasa, na mwaka 1948 akaunganishwa na reli ya Tanganyika. Ndipo likazaliwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki: treni, meli, gati, mabasi na karakana, vyote chini ya mkurugenzi mmoja. Fahari yake ilipita Voi kila siku, injini 34 za Garratt daraja la 59 kutoka Manchester, kila moja ikiitwa jina la mlima wa Afrika Mashariki.

Kisha shirika hilo likaanza kukatwakatwa. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na kupewa shirika lake, makao yake Dar es Salaam. Kwa maoni yangu hilo ndilo pigo kubwa, maana reli na gati ni kazi moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka wa Tanzania ukafungwa hadi 1983, na njia ya Taveta ikabaki mkia usio na kichwa. Kenya ikaunda shirika lake mwaka 1978. Mwaka 2006 kampuni ya Rift Valley Railways ikakodishwa reli kwa miaka 25, lakini mkataba ukavunjwa 2017.

Mei mwaka huohuo reli mpya ya kisasa, SGR, ikazinduliwa, na Voi ikapata stesheni mpya. Abiria wa Taveta, hata hivyo, akishuka hapo hutafuta matatu. Shirika la Reli lituambie waziwazi: njia ya Taveta itafufuliwa, au ardhi yake itapewa kazi nyingine?